Kipimo cha Mpinzani

Kwa miaka miwili niliwaambia watu kwamba Okidi ameniibia. Niliwaambia wateja, nikawaambia majirani zangu wa Kyebando ambao hawajui hata kompyuta inavyowashwa, nikamwambia na padri. Nilisema kwa sauti, tena kwa raha, kwa sababu mtu aliyeibiwa husikilizwa. Leo nasema kilichotokea hasa, na sisemi ili nihurumiwe. Huruma nimekwisha kuila ya kutosha, na sikuwa na haki nayo.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi hawaijui. Linux ni mfumo wa kompyuta ambao msimbo wake, yaani maandishi ya programu kama watu walivyoyaandika, uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuubadili na kuugawa. Kampuni kubwa za ng'ambo huuchukua, huukaza, huupima, kisha huwauzia mabenki na hospitali kubwa pamoja na huduma ya kila mwaka. Sina ugomvi na hilo. Ila zahanati ya vitanda vinne pale Kyebando haiwezi bei hiyo hata ikiuza vitanda vyote. Kwa hiyo watu kama mimi tulichukua msimbo uleule uliowekwa hadharani, tukafuta jina na nembo ya kampuni, kwa kuwa jina ni mali yao, tukajenga kila kifurushi, yaani kila kipande cha mfumo, upya mpaka tukapata mfumo unaofanana na ule wa bei kubwa kama sahani mbili za seti moja. Tuliugawa bure. Wangu niliuita Kilima, kwa ajili ya kilima cha Naguru.

Mimi na Okidi tulilelewa Naguru kwenye kota za polisi. Baba zetu walikuwa askari waliotoka kaskazini, na Kiswahili tulikiokota palepale uwanjani, kile cha amri na matusi. Nilimzidi miaka minane. Aliniita lamera, dada yangu kwa Kiacholi, hata mbele ya wateja. Mwaka 2014 nilipoacha kufundisha chuoni Kyambogo, nilikodi vyumba viwili Kyebando juu ya duka la mabati na misumari, naye akaacha kazi ya mshahara akanifuata. Kahambu alikuja miaka mitano baadaye, mwanamke wa Butembo aliyekimbia vita, aliyekuwa fundi wa kompyuta katika kituo kimoja cha redio huko kwao. Alijibu barua za wateja kwa lugha nne na kutunza seva ambayo kila mtu alipakua kwayo. Watu watatu, zahanati sitini na moja. Nilikuwa natembea Kyebando kifua mbele.

Mambo matatu ya kazi hii lazima niyaeleze, vinginevyo hutaelewa nilivyojikaanga. La kwanza ni maelekezo. Kila kifurushi kina karatasi yake inayosema kipi kianze, kwa chombo gani, kwa mpangilio upi. Bila maelekezo, msimbo unabaki kama unga, mafuta na makaa vimewekwa mezani bila mpishi. La pili ni ufunguo. Kifurushi kikishajengwa hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri, na kompyuta za zahanati hukataa chochote kisicho na sahihi hiyo. Ufunguo wa Kilima ulikuwa mmoja, nao nilikuwa nao mimi. La tatu ni daftari la mabadiliko. Ndani ya kila kifurushi mna orodha ya nani alirekebisha nini na tarehe gani. Desturi yetu, niliyomfundisha Okidi wiki yake ya kwanza, ni kwamba unafuta jina la kampuni lakini hufuti jina la mtu. Hata ukimchukia.

Sasa kanuni ya saba. Mwaka 2018 Umoja wa Zahanati Ndogo ulipatwa na mkasa. Muuzaji mmoja wa mifumo alihamia Dubai na nywila zake, akaziacha zahanati arobaini zikiandika wagonjwa kwenye karatasi mwezi mzima. Nilisimama kwenye mkutano wao nikiwa nimewaka. Nikasema, kuanzia leo, mtu akileta mfumo wake kwenye Umoja, mpinzani wake aketi mbele ya bodi aujenge upya, kwa kutumia kile tu kilichowekwa wazi kwa watu wote. Bila nywila, bila ruhusa, bila kupiga simu. Vifurushi vitano vichaguliwe kwa kura. Kikishindikana hata kimoja, mfumo huo hautakiwi. Daktari Obwona, mwenyekiti, mzee wa taratibu asiyecheka ovyo, aliniuliza kwa nini mpinzani na si rafiki. Nikamjibu kwamba rafiki atakufichia. Wakacheka, wakapiga makofi, wakaiandika kuwa kanuni ya saba ya Umoja. Waliiita kipimo cha mpinzani, na mimi nilijisikia kama nimezaa.

Ilipofika 2023 kampuni kubwa iliyokuwa chimbuko letu ikageuka. Msimbo wake ungepatikana kwa wateja wanaolipa tu, na mkataba ukadokeza kwamba mteja atakayeugawa nje anaweza kupoteza huduma. Dunia nzima ya watu wa kazi yangu ililipuka, nami sikubaki nyuma. Niliandika barua ya wazi ya kurasa mbili. Niliwaita walafi. Niliandika kwamba kumpa mtu programu na kumnyima njia ya kuijenga ni kumwonyesha mwenye njaa picha ya chakula. Barua ilizunguka hadi Nairobi na Goma, na nakala yake niliibandika ukutani ofisini. Tukajikongoja, tukaokota msimbo kwenye vyanzo vingine vilivyobaki wazi, na Kilima ikaishi.

Mwaka uliofuata niliugua malaria siku tisa. Siku ya kwanza ya homa yangu likagunduliwa tundu baya kwenye mfumo, la aina ambayo wahalifu wa mtandao huingilia. Okidi alijenga kiraka siku hiyohiyo. Lakini ufunguo ulikuwa kwenye kompyuta yangu, na nywila yake kichwani mwangu, na kichwa changu hakikuwa na habari na dunia. Zahanati zilingoja siku tisa. Mbili ziliingiliwa, kumbukumbu zao zikafungwa na watu wasiojulikana.

Nilipoweza kukaa kitini alikuja na uji wa mtama kwenye chupa ya chai. Akangoja ninywe.

"Lamera, tufanye ufunguo ya pili," akasema. "Moja kwako, moja kwangu. Mutu anaweza gonjwa tena."

"Wewe nataka nini hasa? Wewe nataka Kilima?"

"Mimi nataka zahanati isingoje."

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa ndiyo rahisi kuliko zote nilizowahi kuombwa. Lakini nilikuwa na aibu ya zile zahanati mbili, na aibu kwangu hutoka ikiwa imevaa hasira.

"Ukitaka ufunguo," nikamwambia, "jenga nyumba yako."

Akaijenga. Miezi mitatu baadaye mfumo wake ulitoka, akauita Jirani. Aliuchukua msimbo wangu, maelekezo yangu, viraka vyangu, kila kitu nilichokuwa nimeweka wazi, akafuta jina la Kilima na kuujenga upya. Yaani alinifanyia hatua kwa hatua kile ambacho mimi nilikuwa nikiifanyia kampuni ya ng'ambo miaka kumi, na ambacho nilikuwa nikikiita haki. Kwake nilikiita wizi. Nikaapa sitafungua ukurasa wa Jirani hata kwa bahati mbaya, na bado niliwasimulia watu kilichokuwemo: kwamba amelikwangua jina langu kila mahali kama mtu anayebandua lebo kwenye chupa. Sikuwa nimeona. Nilijua tu, kwa jinsi wenye kinyongo wanavyojua.

Wateja wakaanza kuhama, mmoja baada ya mwingine, kimyakimya. Nikamuuliza Kahambu wanafuata nini kule. Hakuzunguka.

"Okidi anashikaka simu," akasema. "Na hagombezi batu."

Kufika mwaka huu zahanati kumi na tisa zilikuwa kwake. Kisha Umoja ukatangaza tenda: mfumo mmoja kwa wanachama wote sitini na mmoja, miaka mitano. Tulioomba tulikuwa wawili tu. Kila mtu alijua maana yake. Atakayeshinda ataishi, na atakayeshindwa hana mahali pengine pa kwenda, kwa kuwa nje ya Umoja hakuna zahanati za kutosha kulisha hata umeme wa seva. Kilima ilikuwa miaka yangu kumi na miwili. Sina mume, sina mtoto. Sisemi kwa kulalamika, nataka ujue tu kitu gani kilikuwa mezani.

Mwezi wa Mei niliweka nywila kwenye maelekezo. Msimbo niliuacha wazi, nikajisifu kwa hilo. Ila maelekezo, ambayo yalikuwa jasho letu, pamoja na viraka vipya vinavyokaa humo, yangeonekana kwa atakayeomba na nikamkubali. Nilijiambia ni kwa sababu Okidi huchukua kila kiraka changu jioni na kukitoa kesho yake kama cha kwake. Nilijiambia ni kwa muda. Kahambu aliingia asubuhi, akajaribu ukurasa, akarudi mezani kwangu na mkoba bado uko begani.

"Mama Aloyo, hii nywila ni ya nini? Batu banatuma barua, banauliza juu ya nini mulango imefungwa."

"Ni ya muda tu. Tenda ikiisha nafungua."

"Hata bale ba ng'ambo balikuwa na sababu yabo."

"Msimbo iko wazi, Kahambu. Nimefunga maelekezo peke yake."

Alitazama ukutani kwenye barua yangu, akatazama muda mrefu kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza. "Ni weye ulitufundishaka," akasema mwishowe, akaenda kuketi. Alimaliza mwezi wake, akaniaga vizuri, akaniachia hata ufunguo wa choo umefungwa kwa uzi mwekundu. Alisema anaenda kutafuta maisha. Nilidhani amepata kazi kwenye shirika la wakimbizi.

Utaniuliza kama nilisahau kanuni ya saba. Sikusahau. Nilipiga hesabu. Mpinzani atakayenijenga ni Okidi, na Okidi ndiye aliyeandika nusu ya maelekezo yale, mengine tukiyaandika pamoja, vichwa viwili juu ya kioo kimoja. Anayajua kama njia ya kwao. Tena ni mtu asiyevumilia ujenzi ukwame. Kifurushi kikimgomea hawezi kula, ataking'ang'ania mpaka kikubali, hata kama ni cha adui yake. Nilikuwa na uhakika atajenga vyote vitano kwa kichwa, bodi itaona kazi imekwenda, na hakuna atakayeuliza maelekezo yametoka wapi. Ndiyo hesabu yangu ilivyokuwa: nilimfungia mlango mtu yuleyule niliyemtegemea apite ndani.

Kipimo kilifanyika katika ukumbi wa Umoja karibu na Kyambogo, saa nne asubuhi. Bodi ya watu saba, meza mbili, kompyuta mbili mpya zisizo na kitu, na bakuli la plastiki lenye vikaratasi. Okidi alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka sisi sasa ni wapinzani. Alinipa mkono.

"Habari ya asubuhi, madamu," akasema. Lamera ilikuwa imekwisha.

Kura ikasema Kilima ianze. Daktari Obwona akachovya mkono bakulini, akasoma jina la kifurushi cha kwanza, kile kinachosimamia saa za seva. Okidi akaketi, akafungua ukurasa wangu mbele ya wote, ukioneshwa ukutani. Msimbo ukaja. Akabofya maelekezo. Likatokea dirisha dogo linaloomba nywila.

Akalitazama. Sikumwona akishangaa, nadhani alikuwa amekwisha kujua. Akalifunga dirisha, akafungua karatasi tupu, akaanza kuandika. Nami nikapumua. Mistari ilikuwa ikishuka kwa mpangilio uleule, hata nafasi zilezile tulizokuwa tukigombania, yeye akitaka mbili, mimi nne, na alikuwa akiweka nne. Niliona vidole vyake vinaijua njia. Nikasema moyoni, huyu ndiye Okidi wangu.

Kwenye mstari wa kumi akasimama. Akaweka mikono mapajani.

"Mwenyekiti, mimi naweza kujenga hii kitu," akasema. "Lakini natoa kichwani. Kwa ukurasa yake hakuna."

"Na kutoa kichwani iko na shida gani?" Obwona akauliza.

"Kanuni inasema tumia kitu iko wazi kwa kila mutu. Mimi si kila mutu. Mimi nilikaa naye miaka kumi."

Nikasimama. Sikujua nimesimama mpaka kiti kilipogonga ukuta nyuma yangu. "Anajua," nikasema. "Hiyo maelekezo yeye mwenyewe aliandika nusu. Wacha ajenge, mutaona iko sawa."

Obwona akavua miwani. Hakuwa na ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Bi Aloyo, huyu akifa kesho, zahanati itauliza nani?"

Swali lilikuwa langu. Nililiuliza mimi mwaka 2018, ukumbini humohumo, kuhusu yule mtu wa Dubai, na wakalipigia makofi. Mjumbe mmoja, nesi mstaafu, akaniuliza kwa upole kama siwezi kutoa nywila sasa hivi tukaendelea. Karani akasoma kanuni kutoka kwenye faili: bila nywila, bila ruhusa, bila kupiga simu. Akamalizia kwa kusoma jina la aliyeipendekeza, kwa sababu limeandikwa pale. Hakukusudia ubaya. Kijana wa watu alikuwa anasoma kilichoandikwa. Kilima ikaandikwa kuwa imeanguka.

Nilimchukia Okidi wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Mistari mitano tu ilikuwa imebaki. Angeiandika, tungeenda vifurushi vingine, angeweza hata kunishinda baadaye kwa bei. Nilimtazama anitazame. Alikuwa anatazama vidole vyake.

Kisha ikawa zamu yangu kumjenga yeye.

Nitasema jambo ambalo sijamwambia padri. Nilipoketi kwenye ile kompyuta ya pili nilikuwa nimekwisha kuamua kumwangusha. Ni rahisi sana. Unakosea herufi moja kwenye chombo cha ujenzi, mahali ambapo hapaonekani, ujenzi unakwama baada ya dakika mbili, na unageuka kwa bodi na kuinua mabega. Katika ukumbi ule ni mtu mmoja tu angejua, na nilikuwa na hakika kwamba akilalamika ataonekana mtoto. Tukianguka wote wawili, Umoja ungetangaza upya, nami ningepata muda. Kidole kilikuwa tayari.

Kifurushi chake cha kwanza bakulini, kwa kura halali kabisa, kilikuwa kilekile cha saa. Nikafungua ukurasa wa Jirani kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Hapakuwa na nywila, wala fomu, wala "ingia kwanza". Msimbo, maelekezo, kila kitu kimetandazwa. Kanuni inamtaka mpinzani afungue daftari la mabadiliko lionekane ukutani kabla ya kujenga. Nikalifungua.

Lilikuwa jina langu. Aloyo, Machi 2015. Aloyo, Oktoba 2016. Aloyo na Okidi, 2017. Aloyo, Aloyo, Aloyo, mstari baada ya mstari, na jina la Kilima limefutwa kwa uangalifu kila mahali kama desturi inavyotaka, na langu halijaguswa. Nikateremka nikitafuta mahali alipoanza kunikwangua. Nikafika Agosti 2021. Palikuwa na mstari mmoja: "Aloyo. Marekebisho ya saa. Aloyo yuko kwenye msiba wa baba yake Kitgum. Nimeandika kwa niaba yake. Okidi."

Kazi ile niliahidi wateja kabla baba hajafa. Siku zote niliamini nilikuwa nimeimaliza kabla ya kupanda basi. Nilitia sahihi nikiwa Kitgum, kwenye kiti cha plastiki kati ya waombolezaji, kompyuta mapajani, bila kusoma ninachotia sahihi. Na mstari ule ulikuwa ndani ya mfumo wangu mwenyewe miaka yote mitano. Sikuwahi kuusoma, maana nani husoma daftari la kazi anayodhani ni yake?

Bodi ilikuwa inangoja. Nikajenga. Nilijenga vyote vitano, herufi kwa herufi, na vyote vikatoka vikilingana na vile alivyoleta, bila hata onyo moja. Nilikuwa nalia, ila si kwa sauti, na nesi mstaafu akasogeza sanduku la karatasi laini karibu nami bila kunitazama. Karani akaleta fomu. Chini yake pana mstari unaosema: "Mimi mpinzani nathibitisha kwamba mfumo huu unajengeka na mtu yeyote." Sentensi hiyo pia niliitunga mimi. Nikaandika jina langu na kutia sahihi, na kwa sahihi hiyo Jirani ikapewa zahanati zote.

Daktari Obwona alinishukuru kwa niaba ya Umoja. Alisema kanuni yangu imewaokoa mara ya pili. Alimaanisha, mzee yule, na nikamshukuru.

Okidi alinifuata kwenye veranda. Alisimama mbali kidogo, kama tulivyokuwa tukisimama Naguru baba zetu wakipokea simu za kikazi tusizotakiwa kusikia.

"Kwetu kuna ufunguo mbili," akasema. "Moja kwangu. Moja kwa Kahambu. Ya tatu naweza kukupa, lamera. Kazi iko mingi."

Kahambu. Kwangu aliketi miaka saba na sikuwahi kumwonyesha hata faili ufunguo ulimo. Kwake alikuwa nao baada ya wiki chache. Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa naihisi mdomoni. Nilitaka kumwambia nimeuona mstari wa Agosti, na kwamba sikujua.

"Mimi si mutu wa kufanya kazi chini ya mutu," nikasema.

"Si chini."

"Nimesema."

Akatikisa kichwa kidogo, akashuka ngazi. Shati lake lilikuwa limekunjamana mgongoni palepale pasi ilipokosea.

Alasiri ile niliondoa nywila. Nilirudi Kyebando, nikapanda ngazi juu ya duka la mabati, nikafungua kila kitu: maelekezo, viraka vya Mei na Juni nilivyovificha, vyote. Barua nikaibandua ukutani, ikaacha mraba wa rangi safi ambao sijui niufanyeje. Halafu nikakaa kuangalia orodha ya seva inayoonyesha nani amekuja kuchukua nini. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Siku ya tano akaja mgeni mmoja, seva ya Jirani, ikachukua vyote na kuondoka. Kesho yake nikapata barua fupi ya Kahambu. Alinisalimu, akauliza afya yangu, akasema wamechukua kiraka changu cha Mei, kizuri sana, zahanati zote zitakipata wiki hii, na jina langu wameliacha mahali pake.

Sikumjibu. Mwisho wa mwezi nilizima seva ya Kilima, nikauza meza. Jana nilipita zahanati ya vitanda vinne hapa Kyebando kupima presha. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa inapokea mabadiliko mapya, na dada wa pale akaniomba radhi kwa kuningojesha, akasema ni hao watu wa mfumo, lakini wanafanya kazi nzuri. Nilimwambia hakuna taabu, nitangoja. Jina langu lilikuwa linaingia mle, mbele ya macho yangu, kama lilivyokuwa likiingia kwenye kompyuta zote za zahanati sitini na moja, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa na haja ya kuniuliza kitu.